Mshale wa Joto

Tangu nimalize kidato cha nne mwaka 2018 nimejaza madaftari manne ya riwaya moja ambayo haijaisha. Mtaani kwetu Tandika wananiita "mwandishi", na ungesikia wanavyolitamka ungejua kwamba hawanisifu. Ndani ya madaftari hayo magari ni mengi. Yanakimbizana, yanapinduka, yanawaka moto. Hakuna hata moja linalovuja maji. Leo naandika habari za gari linalovuja.

Gari lenyewe ni Corolla ya baba, ile ambayo watu huiita 110. Ndiyo teksi iliyotulisha na kunilipia shule. Agosti 2023 ilichemsha barabarani ikavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Fundi alipotaja bei ya kubadilisha rejeta, baba alicheka kile kicheko cha mtu asiye na hela.

"Rejeta tutanunua," akasema. "Mikono tunayo."

Mikono aliyoisema ilikuwa yangu.

Kazi ya rejeta haina siri. Injini ikiunguruma inazaa joto. Pampu inasukuma maji yazunguke humo, yabebe lile joto, kisha yapite kwenye vijibomba vya rejeta vinavyopozwa na upepo na feni. Mjerumani Wilhelm Maybach ndiye aliyebuni rejeta ya mfano wa sega la nyuki kwa ajili ya Mercedes ya mwaka 1901, na vijibomba vyake vilizidi 8,000. Ya kwetu ilikuwa ya aluminiamu yenye matangi ya plastiki, na plastiki ilikuwa imepasuka pale inapobanwa na bati. Ufa mwembamba kama unywele, basi.

Tulipata rejeta iliyotumika kule Ilala. Baba hakuiamini. Aliniambia nizibe midomo yake, niijaze maji na kuilaza juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Ndipo tukaanza.

Baba aliketi kwenye kigoda chini ya mwembe akitoa amri. Amri ya kwanza: kifuniko hakiguswi injini ikiwa ya moto. Kile kifuniko kina springi inayobana presha ndani, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanakwenda hadi karibu 120. Ukifungua, presha inatoka, maji yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Baba alinyanyua mkono akanionyesha kovu. Darasa likaishia hapo.

Gari lilikuwa limelala usiku mzima, kwa hiyo nilifungua bila wasiwasi. Nilichomoa waya hasi wa betri. Nikaweka beseni chini, nikalegeza koki ya rejeta. Kulanti ilitoka na rangi ya kijani. Ni tamu kwa ladha lakini ni sumu, kwa hiyo watoto na kuku wa jirani tuliwafukuza. Zikafuata plagi za feni, kisha mpira wa juu na wa chini. Mpira ulioganda hauvutwi kwa nguvu, unazungushwa polepole mpaka uachie. Kwa kuwa giaboksi ni otomatiki, kulikuwa na vipaipu viwili vya oili. Hivyo nikaviziba vumbi lisiingie. Boliti za juu zilipotoka, nikainyanyua rejeta kama mtu anayemtoa mtoto kitandani.

Tulipokuwa tunaingiza nyingine, klipu moja iliniponyoka ikaangukia karibu na kandambili za baba. Akainama kuiokota. Mkono wake ulipapasa mchanga, ukapita juu ya ile klipu mara mbili.

Nilimwangalia, halafu nikaukumbuka mshale wa joto uliopo pale mbele ya dereva. Maji yakipungua kidogo kidogo, mshale hupanda taratibu, na dereva wa miaka 20 barabarani angesimama mapema. Kwa nini baba hakusimama?

Niliingia uvunguni kukaza mpira wa chini. Huko, nikiwa naziona kandambili zake tu, nikapata ujasiri.

"Baba, mshale ulipopanda uliuona?"

Kimya. Kisha akasema, "Niliona moshi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa Ramadhani. Usiku taa za magari zinatawanyika. Mchana kuna ukungu."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema, gari namwachia nani? Wewe una madaftari yako."

Sikuwa na jibu. Nilizungusha bisibisi mpaka klipu ikakataa. Halafu nikasema neno ambalo sikuwahi kufikiri ningelisema mbele ya baba yangu: "Nisamehe, baba. Funguo nitakaa nazo mimi mpaka twende tukapime macho."

Kandambili hazikusogea. "Haya," akasema. "Kaza hiyo klipu kwanza."

Tukajaza kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, maana maji yetu ya kisima yana chumvi na yanaleta kutu. Niliwasha injini kifuniko kikiwa wazi, hita imefunguliwa, mapovu ya hewa yakaanza kutoka. Joto lilipofika kiasi cha nyuzi 82, themostati ikafunguka, maji yakashuka, nikaongeza. Baadaye feni ikaanza kuzunguka yenyewe. Baba aliisikia kabla yangu. Nikazima gari, nikasubiri lipoe, nikafunga kifuniko.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani inafanya ukungu, dawa yake ni kuitoa na kuweka ya bandia. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji mwaka 2024, la pili linasubiri zamu. Gari anaendesha Baba Mdogo na hesabu inakuja nyumbani. Rejeta haijatoa hata tone. Kuhusu madaftari, mimi na baba hatujaafikiana bado.

Wenzangu mnaoandika, tumezoea kuwaketisha baba na mwana sebuleni, wakatazamana usoni na kusemezana ya moyoni. Nami nimeandika hivyo kurasa nyingi. Kwetu sijayaona hayo. Kwetu neno zito hutoka wakati mmoja yuko uvunguni na mwingine anatazama mwembe, na jibu lake huwa ni habari ya klipu. Mhusika wako akishindwa kusema, usimtafutie maneno makubwa. Mpe spana, na mpe kitu cha kukaza.