Gololi za Runyenjes na Ubao wa Mzee

Wengi waijuao njia ya kutoka Embu kwenda Meru huisifu kwa mashamba yake, mito yake na kivuli cha Mlima Kenya. Mimi, nilipopata likizo yangu, nilitazama jambo dogo zaidi, yaani mchezo wa gololi.

Gari liliposimama Runyenjes niliona wavulana wamechora duara mavumbini. Mmoja alifyatua gololi yake kwa kidole gumba, akatoa mbili nje, na mara ugomvi ukazuka: je, alisogeza mkono au hakusogeza? Hapakuwa na mwamuzi, kwa hiyo mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda. Tulipovuka mto Thuci nilikuwa bado nawaza jambo hilo.

Huko Uingereza, katika kijiji cha Tinsley Green, mashindano ya gololi yalianzishwa mwaka 1932, nayo hufanywa siku ya Ijumaa Kuu. Gololi 49 huwekwa katika duara lenye upana wa futi 6, na kikosi kitanguliacho kutoa 25 ndicho kishindacho. Marekani nako mashindano ya watoto ya taifa zima yalianza katika miaka ya 1920, yakasimamiwa na magazeti ya Scripps-Howard. Hata leo fainali zake huchezwa Wildwood, pwani ya New Jersey. Gololi zao hazipiti za Runyenjes kwa uzuri. Walichopata wenzetu ni walezi wa mchezo, yaani watu walioweka sheria, mwamuzi, siku maalum na zawadi.

Nasi tunao mchezo wa kale, ambao Wameru huuita kiothi na Wakikuyu huuita giuthi. Ni jamaa ya bao la pwani, ila mashimo yake ni safu mbili tu. Mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani yanaonekana hata Hyrax Hill, karibu na Nakuru.

Nilipofika kwa baba yangu mdogo, karibu na Nkubu, nilimwuliza, "Baba, ubao wako uko wapi?" Akanionyesha uani. Kuku walikuwa wakinywa maji katika mashimo yake.

"Mwanangu," akasema, "niliyekuwa nikicheza naye amekufa, na ninyi vijana hamkuja kuniuliza."

Maneno hayo yaliniuma, maana ni ya kweli. Miaka yote nilijifunza hesabu za vitabuni, nisimwulize hata siku moja hesabu za ubao wake. Jioni ile tuliuosha, tukatafuta mbegu, naye akanishinda mara tatu.

Basi, ndugu wasomaji, walimu, machifu na wenye maduka, gharama ni ndogo. Chagueni siku, andikeni sheria, wekeni mwamuzi mwadilifu na zawadi ya madaftari. Watoto wacheze gololi upande mmoja, na wazee wafundishe kiothi upande wa pili. Mimi nimekwisha kumwahidi mzee kwamba likizo ijayo nitarudi, wala sitarudi peke yangu.