Ukifuta, Usizime Mashine

Wasee, kwenye seva ya Linux ukiandika rm -rf hakuna kapu la taka la kukuokoa, na mashine haikuulizi mara mbili. Ulitaka kufuta /srv/data, ukaweka nafasi moja kabla ya neno data, basi umeambia mashine ifute /srv nzima.

Lakini mimi nasema hivi: mara nyingi amri huanza tu, woga ndio humaliza.

Rafiki yangu mmoja hapa Kisumu alikuwa anatunza seva ya biashara ndogo. Akafuta folda ya hifadhidata. Bekapu ilikuwepo, ndani ya folda hiyohiyo! Hata hivyo data ilikuwa bado haijafa. Kwenye Linux, faili ikifutwa wakati kuna programu imeifungua, kinachoondoka kwanza ni jina. Yaliyomo hubaki kwenye diski mpaka programu iiachilie. Unaitafuta kwa lsof, unainakili kutoka /proc, unapumua. Yeye aliogopa bosi ataingia akute mambo yamekwama, akazima mashine na kuiwasha upya. Hapo ndipo data iliondoka kweli. Jioni akaambiwa asirudi kesho.

Sasa angalia GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote. Usiku wa 31 Januari 2017, mhandisi wao alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Alipoisimamisha amri, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala na hakuna hata moja ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono takriban masaa 6 kabla. Hawakuficha. Waliitangaza, wakaonyesha kazi ya kurejesha moja kwa moja YouTube. Data ya masaa 6 ilipotea, kampuni ikabaki.

Omera, huku ziwani tunalijua hili. Mvua ikikuta omena zimeanikwa, hakuna anayeuliza kwanza nani alisema leo ni jua. Mama anapiga kelele, majirani wanakuja mbio, omena zinakusanywa. Lawama zitangoja.

Kwa hivyo wewe uliye kwenye kibodi: simamisha amri, usizime mashine, usiandike kitu kipya kwenye diski hiyo, halafu mwambie mtu. Na wewe mwenye biashara: weka bekapu kwenye mashine nyingine, na kila mwezi jaribu kuirejesha. Ile ambayo haijawahi kurejeshwa ni maombi tu.

Na kijana akija kukwambia "nimefuta", jua hiyo ndiyo dakika data yako bado inaweza kupona. Ukimfokea, anayefuata hatakuja kukwambia. Atazima mashine.