Chozi huanza na mlima

Mgeni akininyooshea simu yenye picha ya chozi na kuniuliza ni ndege gani, namjibu kwa swali: umempiga mlima gani? Wengine hudhani nawazungusha. Kazi hii ya kuongoza watazama ndege imenizoesha kutoamini rangi mapema, na ya chozi dume ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko zote. Kijani chake kinachometameta hutokana na muundo wa unyoya wenyewe, jinsi tabaka zake nyembamba zinavyorudisha mwanga. Akigeuza shingo kidogo kinaingia ubuluu. Akikaa kati yako na jua, ni mweusi tititi. Nimesikia watu wawili waliosimama bega kwa bega wakibishania ndege mmoja, na kila mmoja ana picha ya kumtetea.

Chukua msitu wa Magamba, juu ya Lushoto. Utamwona chozi mdogo mwenye mgongo wa kijani na mkanda mwekundu kifuani. Nenda Kilimanjaro, utamkuta aliyevaa vilevile. Zamani wote wawili walihesabiwa kuwa spishi moja. Leo yule wa Usambara na Pare ya Kusini anaitwa Cinnyris usambaricus, na wa Kilimanjaro Cinnyris mediocris. Uluguru nako kuna wake, Cinnyris loveridgei, ambaye hapatikani penginepo duniani. Misitu hii ya juu imetenganishwa na nyanda kavu zenye joto, na ndege aliyezoea ubaridi havuki ovyo. Ndiyo maana picha nzuri kupindukia isiyo na jina la mahali hunipa shida kuliko picha yenye ukungu iliyoandikwa "Magamba, asubuhi". Na wala hatujamaliza kuwajua: chozi wa Udzungwa mwenye wekundu wa kutu kwenye mabawa, Cinnyris rufipennis, alielezwa kisayansi mwaka 1983 tu.

Lakini mlima nao hausemi yote. Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro, unaweza kukutana na chozi wawili wakubwa, wote kijani, wote na mkia mrefu. Hapo tafuta vishada vya manyoya ubavuni mwa kifua, karibu na kwapa: vya njano ni spishi ya famosa, vyekundu ni ya johnstoni. Kwa kawaida huvifunika chini ya bawa, akavitoa anapogombana au kujitapa mbele ya jike. Kwa hiyo usimkimbize. Kaa karibu na lobelia kubwa iliyochanua, jua likiwa nyuma yako, maana dume hulinda maua yake na atarudi tu. Mimi hutumia kasi ya shata ya 1/1600 na kupunguza mwanga kidogo, la sivyo kifua kinaungua na kuwa cheupe. Wingu jepesi nalipenda kuliko jua kali. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, kwani baridi ya kule huimaliza upesi.

Kuna wanaowaita ndege kwa sauti iliyorekodiwa. Kwangu hapana, hata mgeni akinuna. Dume ataacha kula amfukuze mpinzani asiyekuwepo, na juu kule usiku huganda. Kila tone la nekta lina kazi yake.

Jike wa johnstoni ana vishada vyekundu pia, basi huyo hanipi taabu. Majike wengine wengi wamevaa kijivu na kahawia, na wageni huwapita kana kwamba ni majani. Mimi huwapiga picha hata hivyo, kisha nasubiri dume aje aliye naye. Daftarini naandika mlima, mwinuko, saa, na ua alilokuwa akinyonya. Dume asipotokea, naandika "chozi, jike", basi, na mgeni akitaka jina refu zaidi namwambia tusubiri tena kesho.