Saa Isiyotaka Ufunguo

Ndugu na jamaa mliotawanyika kutoka Maskati hadi London na Toronto, baadhi yenu mmeniuliza kwa nini mstaafu anunue saa ya mkono ilhali simu i mfukoni. Jawabu langu ni hili.

Saa yangu ni ya otomatiki, kazi ya kampuni ndogo inayojitegemea, na bei yake haikufika riali mia moja za Kiomani. Kampuni za namna hii hubuni uso na kasha, lakini aghalabu mtambo wa ndani huununua kwa wengine. Huu wangu ni NH35 wa Seiko ya Japani: una vito 24, hupiga mara 21,600 kwa saa moja, na ukijaa huenda muda wa saa 41 hivi. Ndani mna kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka kila mkono utikisikapo, nacho ndicho kikazacho kamani. Betri haina. Ukiivaa huenda, ukiiacha kabatini siku mbili, husimama.

Hukosea sekunde kadhaa kwa siku, nami kila Ijumaa huitia majira. Kwa saa ya kila siku, hilo halinikeri.

Akrabu zake zikionesha saba asubuhi, mimi husoma saa moja. Ndivyo walivyohesabu wazee wetu Unguja, ambako jua huchwa karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Hapa Maskati, Disemba jua huchwa zaidi ya nusu saa kabla ya hapo, na Juni hungoja karibu saa moja usiku. Hesabu ile haikuzaliwa hapa, tumeibeba midomoni.

Mwaka jana nilimwambia mjukuu wangu aje saa kumi tunywe kahawa. Akastaajabu: "Babu, kahawa usiku?" Nilicheka, kisha moyo ukaniingia baridi. Nikifumba macho mimi, nani atasema "saa moja asubuhi" katika nyumba hii?

Tangu hapo, kila ajapo humpa saa anisomee kwa Kiswahili. Sasa hutoa sita bila kuhesabu vidole, ingawa saa nane humbabaisha bado. Nimemwahidi kwamba siku atakayoisoma bila kusita itakuwa yake, kwa sharti moja: aivae kila siku.