Kivuli cha Mikaratusi: Tafakuri juu ya Picha na Matini Zilizounganishwa

Makala haya si uhakiki wa kazi yoyote mahususi. Yametokana na picha moja ya mteremko wa maua niliyoipiga nyumbani Kiogoro, katika Nyaribari Chache, mwaka 2011, na swali ambalo picha hiyo ilinizushia kuhusu utafiti nilioufanya miaka kumi na mitano kabla yake, nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika fasihi simulizi. Msomaji atanisamehe nikianza na kamera kabla ya kuifikia fasihi, kwani ndivyo mambo yenyewe yalivyofuatana.

Yeyote apigaye picha za maua milimani hukabiliwa na tatizo la nuru. Jicho la binadamu, kwa kule kujirekebisha kwake litazamapo hapa na pale, huweza kuuona ukungu ulioangazwa na jua na pia udongo mweusi ulio chini ya migomba. Kamera haina uwezo huo. Wapiga picha huipima tofauti ya mwangaza kwa ngazi, na kila ngazi ni maradufu ya ile iliyo chini yake. Tofauti ya ngazi kumi, basi, ni zaidi ya mara elfu moja. Filamu ya slaidi iliweza kuhifadhi takribani ngazi tano au sita tu. Nilipopanda Mlima Kenya kwa mara ya kwanza na kulifikia Bonde la Teleki, nilirudi na slaidi za aina mbili: zile ambazo anga lilikuwa samawati na lobelia zikawa weusi mtupu, na zile ambazo lobelia zilionekana vyema, zile ndefu zenye manyoya zilizopewa jina la Sámuel Teleki aliyefika mlimani humo mwaka 1887, lakini anga likawa jeupe kama karatasi. Hakuna hata moja iliyofanana na nilichokiona.

Dawa ya tatizo hili ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alizichapisha baadhi ya picha zake za bahari kwa kuunganisha bamba mbili, moja la anga na jingine la maji. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha jinsi tarakilishi inavyoweza kukokotoa, kutokana na picha kadhaa za mahali pamoja zilizopigwa kwa vipimo tofauti, uwiano wa nuru iliyokuwapo katika kila sehemu ya mandhari. Hiyo ni hatua ya kwanza, nayo ni hesabu tupu. Hatua ya pili ndiyo yenye utata. Kwa kuwa karatasi na kiwambo haviwezi kuubeba upana wote huo wa nuru, sharti ubanwe: vivuli vipandishwe, miale ishushwe. Hapo hesabu huisha na hiari ya mtengenezaji huanza.

Kiogoro hakuna maua ya mwituni kama yale ya Mlima Kenya. Nyanda za juu za Gusii zimelimwa hadi ukingoni mwa vijito, na kichanuacho bila kupandwa ni kile kinachoachiwa nafasi kwenye ua na kando ya njia, hasa alizeti-mwitu wa manjano wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Mashambani, zamani, palikuwa na pareto. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo, na mtoto wa enzi yangu aliyeamka mapema aliiona miteremko imekuwa meupe kabla chai na migomba havijashika rangi. Kisha malipo yakachelewa, yakakatika, watu wakang'oa. Mama yangu (kwetu mama huitwa "baba", jambo ambalo huwachekesha sana wanafunzi wangu wa pwani) alibakiza mistari michache juu ya nyumba. Hakuwa na mnunuzi. Alisema tu kwamba mkono wake umezoea.

Nilisimamisha kamera kwenye kiweko cha miguu mitatu kabla ya saa mbili asubuhi. Jua lilikuwa limeshaupata mgongo wa kilima, bonde likiwa bado katika ukungu, na mistari ya pareto ikikatwa nusu kwa nusu na kivuli cha mikaratusi ya jirani. Mama alikuwa katika sehemu ya kivuli, ameinama, akichuma vichwa vya maua kwa mikono miwili. Nilipiga mara tatu mfululizo: kwa sehemu ya 1/500 ya sekunde ili kuhifadhi anga na maua yaliyo juani, kwa 1/125, na kwa 1/30 ili kuufikia udongo wa kivulini.

Programu ilipoziunganisha, palitokea kile ambacho wapiga picha hukiita mzuka. Katika picha ya kwanza mama alikuwa ameinama, katika ya pili alikuwa akiinuka, katika ya tatu amegeuza uso kunitazama. Picha iliyounganishwa ilimwonyesha mara tatu, kila mara akiwa nusu uwazi, maua yakipenya mgongoni mwake. Ipo amri ya kuondoa mzuka: programu huchagua picha moja iwe na mamlaka juu ya sehemu iliyosogea na kuzitupa nyingine mbili. Niliitoa amri hiyo. Mama akabaki mmoja, ameinama, hana uso. Mandhari yote iling'aa. Ungeweza kuhesabu petali upande wa jua na upande wa kivuli.

Nilimpelekea picha hiyo ikiwa imechapwa kubwa. Aliitazama kwa muda, akaniuliza kwa Ekegusii:

"Hapa ni saa ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia ni asubuhi ile niliyokuwa naye.

"Asubuhi ipi? Kivuli cha mikaratusi kiko wapi? Mimi huacha kuchuma kikifika kwenye mstari wa pili."

Sikuwa na jibu. Kivuli kilikuwapo, lakini nilikuwa nimekipandisha hadi kikakaribiana na jua, na saa ikapotea nacho.

Hapa ndipo nilipoikumbuka tasnifu yangu. Mwaka 1996 nilirekodi kutoka kwake ngano moja ya zimwi na watoto watatu. Aliisimulia mara tatu, katika siku tofauti, kwenye kanda tatu. Kila usimulizi ulikuwa na mapengo: wa kwanza haukuwa na wimbo, wa pili ulikatizwa na mgeni, na katika wa tatu mtoto aliyeachwa nyuma na kuliwa hakutajwa kabisa. Nilifanya kama wafanyavyo wengi wetu. Nililinganisha, nikachukua mwanzo kutoka huku na wimbo kutoka kule, nikamrejesha mtoto aliyesahauliwa, nikaweka kwenye kiambatisho matini moja safi. Msimamizi wangu aliisifu kwa ukamilifu wake.

Baada ya swali la kivuli nilizitafuta kanda. Katika ile ya tatu inasikika sauti ya mtoto mdogo akiitikia wimbo. Ni binti wa marehemu kaka yangu, ambaye wiki chache kabla ya hapo alikuwa amefiwa na mzazi wake wa mwisho na kuletwa kwa bibi yake. Mama hakumsahau yule mtoto wa ngano. Alimwondoa kwa sababu ya aliyekuwa ameketi mbele yake. Nami nikamrudisha, nikauita urudishaji huo usahihi.

Tulilelewa kihakiki katika kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii, na hata wale walioipinga mara nyingi waliendelea kudai kutoka kwa mtunzi mwangaza ulioenea sawasawa. Nagona ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1990, na Mzingile mwaka uliofuata, mimi nilikuwa miongoni mwa walionung'unikia giza lake. Kwa upande mwingine, siwezi kuilaani mbinu yenyewe. Joy Adamson aliyachora maua ya Kenya mbele ya weupe mtupu, bila saa wala kivuli, na michoro hiyo inamfaa mtu atakaye kulitambua ua. Lawama yangu ni juu ya kuiita matokeo ya uunganishaji asubuhi, au kuyaita usimulizi.

Sasa picha zile tatu nimezitundika ofisini zikiwa mbalimbali. Ile ya 1/30 ina anga jeupe lisilo na kitu, na maua ya juani yameungua yote, lakini ndiyo ambayo mama ananitazama. Kanda pia nimezinakili kila moja peke yake. Mpwa wangu, ambaye siku hizi ni mwalimu, aliposikia habari hizi aliniomba ile ya tatu tu. Nilimpelekea pamoja na kiambatisho cha tasnifu, naye akanirudishia kiambatisho.