Kusoma Myombekere kwenye Pantoni

Tulipostaafu, kila ndugu alikuwa na mradi wa kutushauri. Kuku wa kisasa. Fremu za kupangisha. Bodaboda mbili za kuanzia. Sisi tukamega kiinua mgongo kidogo, tukakifungia kigari chetu cha Toyota tairi nne mpya, tukaondoka. Mwaka wa kwanza tulikwenda Pangani. Mwaka wa pili Mafia: gari tuliliacha Nyamisati tukapanda boti, nikatapika njia nzima huku Baba Neema akinishikia mfuko na kunieleza habari za papa potwe, kana kwamba nilikuwa na hamu ya kusikia habari za samaki.

Tulijiwekea sheria. Hatuendeshi zaidi ya saa nne kwa siku, hatuendeshi usiku, na penye chai nzuri tunasimama. Mimi niliamini ni sheria za starehe tu. Ile ya usiku aliitunga yeye.

Mwaka jana zamu ilikuwa ya Ukerewe. Baba Neema alifundisha fasihi ya Kiswahili miaka 34, na siku zote alisema ana deni kwa Aniceti Kitereza. Ile riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, Kitereza alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kikerewe haikupata mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilichukua zaidi ya miaka 30 mpaka ikatoka. Yeye alifariki mwaka 1981. Mume wangu aliwahi kuwasomesha watoto vipande vyake tu, kwa sababu haikuwa kwenye mtaala, na alijua kwamba vipande si haki kwa kitabu kama kile. Basi tukakiweka kwenye gari, nakala iliyoachia jalada, imefungwa kwa mpira wa suruali.

Tulipokaribia Kibaigwa, kule kwenye soko la mahindi na malori yaliyopangana, kulikuwa na mtu wa baiskeli kapakia magunia mawili ya mkaa. Alikuwa upande wa kushoto, wazi kabisa, jua linawaka. Baba Neema hakupunguza mwendo. Nilipiga kelele, akakata usukani, magunia yakapita kwenye kioo cha upande wangu kama ukuta. Hatukusemezana kilomita nyingi.

“Gari linavuta kushoto,” alisema mwishowe. “Tukifika Dodoma tukapime alaimenti.”

Fundi wa Dodoma alipima. Alaimenti ilikuwa sawa. Jioni, chumbani, nilimwambia atazame pua yangu, nikanyoosha kidole pembeni na kukileta katikati polepole. Alikiona kilipokaribia shavu langu. Mimi nimekuwa muuguzi miaka 31! Nimewauliza wake za watu wangapi, “Mama, hukuona mzee anajigonga milangoni?” Na wangu alikuwa na alama ya fremu ya mlango begani, mimi namtania kwamba kanenepa.

Presha ya macho. Daktari alisema kwa upole kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone, kila siku, maisha yote, ni ya kulinda kilichobaki. Baba Neema aliuliza swali moja tu, kama anaruhusiwa kuendesha. Jibu alilijua. Baadaye akaniambia kwamba hata kabla hatujaenda Mafia alikuwa anaona taa za magari usiku zimevaa mataji.

Nilitaka turudi nyumbani. Yeye akakataa. “Tukirudi sasa, Mama Neema, nitakuwa nimestaafu mara mbili.” Akanipa ufunguo bila kuniangalia.

Nilijifunza gari nikiwa na miaka 52, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya sokoni na kurudi. Mlima Sekenke niliushuka kwa gia namba mbili, malori yamejazana nyuma yangu yakipiga honi, mwalimu ananisahihisha kila kona. Kwenye kituo cha mafuta Shinyanga nilimwambia kama hawezi kunyamaza atapanda basi. Alinyamaza hadi Mwanza. Nilijuta, ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko masahihisho.

Kisorya, kabla ya kupakia pantoni, abiria wote hushuka na dereva anaingiza gari peke yake. Kijana wa kivuko ananipungia mikono, rudi, rudi, kata kushoto, na mimi nimezoea kuwa yule anayeshuka na mikoba. Kwenye kioo nilimwona Baba Neema amesimama ufukweni na begi la nguo, shingo ameipinda ili anipate vizuri kwenye kile kipande cha macho kilichobaki. Nilipozima injini alipiga makofi. Peke yake, jamani, watu wanamshangaa.

Tulipoanza kuelea akaomba nimsomee. Nikachagua pale Myombekere anapokwenda ukweni kumwomba mkewe arudishwe, baada ya wakwe kumchukua kwa sababu hawajapata mtoto. Wengi wanasema kitabu hiki kimejivuta mno: salamu zote zimo, chakula chote kimo, pombe ya ndizi imepikwa mpaka imeiva. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini kwa sauti, juu ya maji, hakijivuti hata kidogo. Mtu anamtaka mke wake na anafuata kila hatua ya kumpata, hakuna ya kuruka. Mama mmoja mwenye tenga la machungwa alinisahihisha jina la mahali, kisha akasogea karibu. Tulifika Rugezi kabla Myombekere hajapewa jibu, na yule mama akalalamika.

Nansio tulikaa siku tisa badala ya nne. Saa mbili za usiku Baba Neema analaza kichwa mapajani mwangu, mimi natia tone, jicho la kulia kwanza, anafumba, tunahesabu. Usiku wa kwanza alihesabu kwa hasira. Usiku wa nne, bado macho kayafumba, akauliza tulikuwa tumefika ukurasa gani.