Mundu Ndani ya Pumzi

Barabara itokayo Mwanza hupita Musoma na Tarime, ikapanda miinuko na kukomea Sirari. Hatua chache mbele ni Isebania, Kenya. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, nao ukawakata Wakurya pande mbili bila ya kuwauliza. Upo mpaka mwengine usio na kizuizi wala mhuri, nao umo ndani ya damu.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria alama ya selimundu ilikuwa nyingi. Nyanda za juu ilikuwa haba. Mwaka 1954 akatoa jawabu: mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, aliyeirithi kwa wote wawili huugua.

Sirari ni mji wa biashara. Watu wa ziwani na wa milimani hukutana hapo, huuziana, huoana. Katika posa hutajwa ng'ombe, ukoo na tabia, damu haiulizwi.

Neno selimundu, ambalo mitaani ni sikoseli, ni tafsiri njema, ila lina hila. Humfanya msikilizaji adhani kuwa chembe za mgonjwa zimepinda tangu siku ya kuumbwa kwao. Sivyo. Hemoglobini, protini ibebayo oksijeni, imesukwa kwa minyororo minne, na Max Perutz wa Cambridge alitumia zaidi ya miaka 20 kulisoma umbo lake. Mapafuni hupokea oksijeni na kubadili mkao. Misulini huutua mzigo, ikarudia mkao wa awali. Huko huko Cambridge, katika miaka ya 1956 na 1957, Vernon Ingram alionesha kuwa ya mgonjwa ina tofauti moja tu: katika mnyororo wenye asidi amino 146, mahali pa glutamiki pamekaliwa na valini. Ni kama herufi moja katika utenzi, na wafasiri wanaijua hasara ya namna hiyo.

Ikiwa na oksijeni, protini hiyo hutulia. Ikishaitua, valini ile hupata pa kunata kwa jirani yake. Protini hujipanga nyuzi, na nyuzi huipinda chembe. Mundu, basi, huzaliwa pumzi inapokwisha kutumika. Chembe nyingi zirudipo mapafuni hunyooka. Zilizopinda mara kwa mara hubaki hivyo. Zikiziba mishipa ya mfupa, mtoto hulia usiku kucha. Zikiziba ya mapafu, kifua hubana, oksijeni hupungua, na upungufu huo huzikunja chembe nyengine.

Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye maradhi haya kila mwaka. Dawa ipo: haidroksiyurea, ambayo huiamsha hemoglobini ya kichanga, ile ya tumboni mwa mama, isiyojua kunata. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionesha kuwa watoto walioimeza walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo.

Ila hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza, mwisho wa pili wa barabara ile. Kwa basi ni saa kadhaa, na mtoto wa Sirari aliyebanwa kifua huzihesabu kwa pumzi.